Batli: Neno la manahodha linalowafaa waunda programu wa leo

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaasa wenye maduka na viongozi wa vyama vya akiba. Katika makala haya nataka kuihamishia kwa kundi jingine ambalo wahenga hawakulifikiria: vijana wanaounda programu za mtandaoni katika ukanda huu wa Kilifi na Malindi.

Ukipita Mtwapa, Kilifi, Watamu hadi Malindi utawakuta. Wanaunda tovuti za kukodisha vyumba, za kuuza tiketi za mashua, za kupokea malipo ya simu. Wasikilize wakiwa kazini. Programu ikigoma, mmoja humwambia mwenzake, "Hebu tia konsoli logi hapo tuone." Maana yake ni kuongeza mstari mmoja ndani ya msimbo, ule ambao wao huuita kodi, ili programu ichape maneno kwenye skrini na mwenye kuiandika ajue imefika wapi. Maneno yenyewe huandikwa kwa pupa: "hapa", "hapa pili", "imefika", hata "wewe vipi?" Kasoro ikipatikana, mistari ile husahaulika mumo humo, na programu hupelekwa kwa wateja ikiwa bado inapiga kelele.

Wahandisi wenye uzoefu hulikemea jambo hili. Husema mistari ya kuchapa iondolewe, na mahali pake pawekwe utaratibu kamili wa kuandika yanayotokea ndani ya programu. Wana haki. Hata hivyo, mimi naona kwamba jambo hili linalochukuliwa kuwa la kiufundi tu lina upande wa lugha na upande wa historia. Kijana anaupa ukelele na kumbukumbu jina moja. Si ajabu akidhani ni kitu kimoja. Na historia ya kuvitofautisha vitu hivyo viwili imepita papa hapa pwani, tena zaidi ya mara moja.

Gogo na batli

Tuanze na neno lenyewe. Logi limetoka kwa Kiingereza, na maana yake ya asili ni gogo. Zamani mabaharia wa Uingereza walifunga kipande cha ubao kwenye kamba yenye mafundo, wakakitupa baharini nyuma ya meli, kisha wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi wakati saa ya mchanga ikimiminika. Kwa njia hiyo walijua kasi ya meli. William Bourne aliieleza mbinu hiyo katika kitabu chake cha unahodha cha mwaka 1574, na hadi leo kasi ya meli hupimwa kwa mafundo. Hesabu za gogo ziliandikwa katika kitabu, kitabu kikaitwa kitabu cha gogo, na mwisho kitabu chenyewe kikaitwa gogo. Wahandisi wa kompyuta walipohitaji jina la orodha ya matukio ya mashine, wakalichukua jina hilo la baharini. Hata neno la Kiingereza la kuingia katika akaunti limezaliwa humo: aliyeingia aliandikishwa kitabuni.

Tukitafsiri neno kwa neno, kijana wa Malindi atamwambia mwenzake, "Tazama gogo la seva." Jamani, atachekwa hadi Gede!

Bahati ni kwamba Kiswahili hakikungoja gogo la Mwingereza. Kamusi zetu zinalo neno batli, lenye maana ya kitabu cha chombo ambamo huandikwa mambo ya safari. Ni neno la watu wa bahari, na limelala kamusini kwa muda mrefu kiasi kwamba wanafunzi wengi wa leo hawajapata kulisikia. Nalipenda kwa sababu moja kuu. Linatenga mambo mawili ambayo konsoli logi inayachanganya.

Chomboni kuna sauti nyingi. Aliyesimama omo akiona mwamba hupiga ukelele, na mwenye usukani hugeuza. Ukelele ule una kazi yake, tena kazi kubwa, lakini huishia hapo hapo. Upepo ukivuma umekwenda nao. Batli ni kitu kingine. Huandikwa kwa mpangilio, ikiwa na siku na saa, ili asomaye kesho, au mwakani, au baada ya chombo kuzama na watu wake kutawanyika, ajue lililotokea. Mpiga ukelele husema na aliye karibu. Mwandishi wa batli husema na mtu asiyekuwapo. Tofauti hiyo ndiyo ninayoishikilia katika makala haya yote.

Mwalimu asiye na jina

Tuone gharama ya kukosa batli. Katikati ya Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi, baada ya mapokezi mabaya Mombasa. Mfalme wa Malindi aliwapa Wareno kiongozi wa njia. Waliondoka tarehe 24 Aprili, wakavuka bahari kwa majuma matatu na siku chache, na kufikia tarehe 20 Mei walikuwa pwani ya India, karibu na Calicut. Safari iliyobadilisha historia ya bahari hii iliwezekana kwa sababu ya maarifa ya mtu mmoja aliyepandia Malindi.

Mtu huyo ni nani? Ushahidi wa aliyeshuhudia tunao mmoja: kumbukumbu za safari zilizoandikwa siku kwa siku na mmojawapo wa watu wa msafara, ambazo wataalamu wengi huzinasibisha na Álvaro Velho. Mwandishi huyo anamtaja kiongozi wa njia lakini hatoi jina lake. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walioandika baadaye wanatupa maumbo kama Malemo Cana na Malemo Canaqua. Msomaji wa Kiswahili akiyatazama maumbo hayo atatabasamu. Malemo ni mwalimu, au malimu, cheo cha mjuzi wa njia za baharini. Na sehemu ya pili wataalamu huihusisha na neno la Kihindi lenye maana ya mpiga hesabu za nyota. Kwa hiyo tulicho nacho ni cheo juu ya cheo. Ni sawa na mtu kuulizwa nani alikupasua tumbo hospitalini, akajibu, "Daktari Mpasuaji."

Pengo hilo likajazwa na uvumi. Kwa miaka mingi ilisemwa, na wengine bado husema, kwamba kiongozi huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa mashuhuri wa unahodha kutoka Uarabuni. Watafiti waliochunguza maandishi yake wanalitilia shaka sana dai hilo. Jambo la kuzingatia ni kwamba Ibn Majid mwenyewe aliandika vitabu kuhusu nyota, upepo na njia za Bahari Hindi. Basi desturi ya kuandika ilikuwapo miongoni mwa mabaharia wa bahari hii. Ila karatasi ya mwalimu wa Malindi, kama alikuwa nayo, haikutufikia. Mgeni aliyeandika ndiye tunayemsoma. Mwenyeji aliyejua njia amebaki kivuli.

Msinielewe vibaya, sisemi nahodha wa 1498 alikuwa na tatizo moja na kijana mwenye kompyuta ya mapajani. Ninachosema ni kwamba tukio lisiloandikwa vizuri halibaki tupu. Hujazwa na maneno ya mwingine, na mwenye tukio hana la kujibu.

Konsoli ilipokuwa karatasi

Tuje sasa kwenye kompyuta, tuone ukelele na batli vilichanganywa vipi. Konsoli ilikuwa meza ya mwendeshaji wa kompyuta kubwa, na katika miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi meza hiyo ilikuwa na taipureta. Mashine ilipotaka kusema jambo, taipureta ilichapa kwenye karatasi. Tendo la kuchapa lilikuwa kuchapa kweli, kwa wino, na jioni karatasi ilikunjwa ikahifadhiwa. Enzi hizo mtu aliyeiamuru mashine ichape alikuwa ameacha alama bila kukusudia.

Zaidi ya hayo, wahandisi wa mwanzo walikuwa na batli zao hasa, vitabu vya mkono. Tarehe 9 Septemba 1947, wahandisi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walimtoa nondo aliyekwama ndani ya mitambo. Wakambandika kwenye ukurasa wa kitabu chao, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Nondo huyo amehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian, pamoja na ukurasa wake. Kwa Kiingereza kasoro ya mashine huitwa mdudu, na jina hilo lilikuwapo hata kabla ya nondo huyu. Lakini yeye ndiye anayekumbukwa na dunia nzima, na sababu ni moja tu: aliandikwa.

Kisha skrini zikaja, karatasi ikaondoka. Amri iliendelea kuitwa kuchapa, ingawa hakuna tena kinachochapwa. Maneno hupanda juu ya kioo, yakasukumwa na mengine, yakatoweka. Mwaka 2006 ilitoka Firebug, nyongeza ya kivinjari cha Firefox iliyowapa waandishi wa JavaScript konsoli ndani ya kivinjari pamoja na amri ile ambayo vijana wetu wanaitamka konsoli logi. Vivinjari vingine vikaifuata. Ilikuwa msaada mkubwa. Lakini tazama jina: limebeba konsoli, iliyokuwa karatasi, na logi, iliyokuwa kitabu, likapewa kitu ambacho si karatasi wala si kitabu. Lugha ilihifadhi heshima ya zamani baada ya kazi yenyewe kubadilika.

Uhuru angani

Kuna pahali pengine hapa Kilifi ambapo thamani ya kuandika kwa saa sahihi ilionekana mbele ya dunia. Karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini ya kurushia setilaiti. Setilaiti ya kwanza kurushwa hapo, San Marco 2, iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe ya saba ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la San Marco ikibeba setilaiti ya Marekani iliyoundwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengewa kazi hiyo peke yake. Kwa heshima ya nchi mwenyeji na siku yenyewe, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru haikupiga picha kama kamera. Ilihesabu chembe za mionzi zilizoigonga, na kila hesabu ilifungamanishwa na wakati wake. Mtu asiyejua angesema, "Si hesabu tu? Saa ya nini?" Jibu lilipatikana mwaka 1971. Watafiti walipozisoma hesabu za chanzo kiitwacho Centaurus X-3, waligundua kwamba mionzi yake hupiga kama moyo, kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Walipoendelea kuzipanga kwa wakati, waliona mapigo hayo huwahi kidogo na kuchelewa kidogo, kwa mzunguko wa takriban siku mbili. Ikawa wazi kwamba kilichopo pale ni nyota iliyosongamana mno, ikizunguka na mwenzake. Hesabu ile ile, bila saa, ingekuwa namba moja kubwa isiyo na hadithi. Katalogi ya mwisho ya Uhuru iliorodhesha vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Urushaji kutoka majukwaa yale ulikoma mwaka 1988, lakini antena za kituo cha Malindi hazikunyamaza. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa kutoka Marekani Novemba 2004 kuchunguza milipuko ya mionzi ya gama, imekuwa ikiteremsha data zake hapa. Utaratibu wake ni somo zuri. Ikiona mlipuko, hutuma tahadhari fupi papo hapo kupitia setilaiti nyingine, ili darubini za dunia zigeuzwe upesi. Maelezo marefu huyaweka ndani yake, ikayamimina inapopita juu ya Malindi. Yaani inajua lipi ni la kupigiwa ukelele na lipi ni la batli, na kila moja lina njia yake. Kijana anayejifunza kazi hii hahitaji kusafiri mbali kutafuta mfano.

Mstari unaofaa

Sasa turudi kwenye tovuti zetu. Chukua mfano wa kubuni. Mgeni amelipia mashua ya kwenda kutazama matumbawe Watamu. Simu yake inasema pesa zimetoka. Tiketi haikuja. Anamwendea mwenye mashua, mwenye mashua anasema, "Aa, kwetu hakijaingia kitu." Kila mmoja anasema kweli kwa anavyoona. Anaitwa aliyeunda programu. Akifungua seva anakuta hivi:

hapa
hapa pili
imefika

Imefika nini? Lini? Ya nani? Watu 40 walilipa siku hiyo, na wote wamepita "hapa pili". Fundi hana ushahidi wowote, na mwenye hasara atakuwa yule asiye na sauti.

Lau programu ingekuwa na batli, angekuta mstari wa namna hii:

2024-08-14T17:42:07+03:00 HITILAFU malipo ombi=7f3a jibu la malipo halikufika ndani ya sekunde 30; tiketi haikutolewa

Mstari huu una mambo matano. Una wakati kamili. Una ngazi ya uzito. Unataja sehemu ya programu iliyosema. Una alama ya ombi, ile 7f3a, inayokuwezesha kukusanya mistari yote ya mteja huyo mmoja kutoka katikati ya mistari ya wengine. Na unasema kwa ukamilifu lililotokea pamoja na matokeo yake. Fundi asiyemjua aliyeuandika anaweza kuutumia. Mgeni anarudishiwa pesa au anapewa tiketi, na ugomvi unaishia hapo.

Kuhusu wakati, Waswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Sisi tukisema saa mbili usiku, saa za kimataifa zinasema 20:00. Fundi wa Kilifi akiandika "saa 2" na mwenzake wa Nairobi akaisoma kwa Kiingereza, tukio limesogea kwa saa sita. Ndiyo maana mtindo wa kimataifa wa ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, huanza na mwaka, mwezi na siku, kisha saa 24, kisha tofauti na saa ya dunia. Hiyo +03:00 mwishoni ni saa ya Afrika Mashariki.

Kuhusu ngazi, historia yake ni ya kuvutia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliunda Syslog kwa ajili ya programu yake ya barua, Sendmail. Wazo lake lilikuwa kwamba programu isijichagulie ovyo pa kuandikia. Impe ujumbe mwandishi mmoja wa mfumo, pamoja na uzito wake. Syslog ina ngazi nane, kutoka janga linaloangusha mfumo mzima hadi maelezo madogo ya fundi. Lugha za programu zikaiga fikra hiyo. Log4j iliileta kwa watumiaji wa Java mwishoni mwa miaka ya 1990, na Python ikapata maktaba yake rasmi ya kazi hiyo katika toleo la 2.3 la mwaka 2003.

Kwa programu nyingi za kwetu ngazi tano zinatosha, na ningependekeza zipewe majina haya: uchunguzi, taarifa, onyo, hitilafu na dharura. Uchunguzi ni yale maelezo madogo ya fundi, mrithi halali wa "hapa pili". Taarifa ni jambo la kawaida lililokwenda sawa, kama tiketi kutolewa. Onyo ni jambo lisilo la kawaida ambalo programu imelistahimili. Hitilafu ni kazi ya mteja iliyoshindikana. Dharura ni kumwamsha mtu usingizini. Uzuri wa ngazi ni kwamba siku za kawaida unaweza kuzima uchunguzi bila kufuta mstari wowote, na siku ya taabu ukauwasha. Mwenye mistari ya kuchapa hana swichi hiyo. Ama avumilie kelele zote, ama afute kwa mkono mmoja mmoja.

Batli nayo ina mipaka

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Mstari wa kuchapa bado una mahali pake. Fundi aliye peke yake mezani, akitafuta kasoro ya dakika tano, na aupige ukelele wake. Aondoe tu kabla ya kuipeleka kazi kwa watu. Wala batli si lazima iwe faili. Programu nyingi za leo huimwaga kwenye mkondo wa kawaida wa matokeo, na mfumo mwingine huikusanya na kuihifadhi. Kinachoifanya kuwa batli ni mpangilio wake na kusudi lake.

Batli pia hujaa. Ikiachwa bila kukatwa na kuhifadhiwa kwa zamu, hula diski nzima ya seva na kuiangusha programu iliyokusudiwa kuilinda. Tena ikijaa upuuzi hakuna aisomaye, na batli isiyosomwa haimfai mtu.

Kubwa zaidi ni siri za watu. Fundi mwenye haraka huchapa ombi zima kama lilivyokuja: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, hata nywila. Mistari hiyo hubaki kwenye seva miezi na miaka, ikisomwa na yeyote mwenye ufunguo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data za mtu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika na kazi iliyotajwa, wala si zaidi. Kwa hiyo batli iandike alama ya ombi, isiandike nywila kamwe, na namba ya simu ikilazimika kuandikwa, iandikwe kwa kufichwa sehemu. Nahodha huandika kwamba abiria amepanda. Haandiki alichoficha mkobani.

Desemba 2021 dunia ilipata funzo jingine. Iligunduliwa kwamba Log4j, ile maktaba maarufu, haikuwa ikiandika tu inachoambiwa. Iliyatii maneno fulani yaliyofichwa ndani ya maandishi. Mhalifu aliweza kuandika sentensi ya hila mahali pa jina lake, programu ikaipeleka batlini kwa nia njema, na seva ikaanza kufuata amri zake. Makampuni na serikali zikakesha kuziba tundu hilo. Funzo ni kwamba mwandishi wa batli aandike, asitende.

Na kilichokwisha kuandikwa kisifutwe. Katika utafiti wa tiba, kama unaofanywa hapa Kilifi na mpango wa KEMRI na Wellcome Trust tangu mwaka 1989, kanuni ya kimataifa ni kwamba ukikosea kwenye fomu hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya neno, lisomeke bado, kisha unaandika lililo sahihi, tarehe na herufi za jina lako. Batli ya programu ifuate adabu hiyo. Marekebisho yaongezwe chini. Ya juu yabaki.

Tuite batli

Nimalizie kwa suala la jina. Wapo watakaosema kumbukumbu inatosha. Lakini kumbukumbu tayari imebeba mizigo mingi: ni za mkutano, ni za Bunge, ni za marehemu, na ni ile iliyomo kichwani. Daftari ni la hesabu na la shule. Shajara ni ya mtu binafsi na siku zake. Rekodi imekwenda kwa wanamuziki na wanariadha. Logi, kama nilivyoonyesha, inakuja na mkanganyiko wake. Batli ina maana moja tu tangu mwanzo: kitabu cha safari ya chombo, kilichoandikwa kwa ajili ya atakayesoma baadaye. Programu ya mtandaoni ni chombo, na kila ombi la mteja ni safari.

Tahadhari moja ya kisarufi. Lugha yetu ina neno batili, lenye maana ya kitu kisicho halali, na kitenzi chake batilisha. Tukijaribu kuunda kitenzi moja kwa moja kutoka kwa batli, tutaangukia humo, na kijana atadhani ameambiwa afute kazi yake! Tuseme basi kuandika batli, au kutia batlini. Ule mstari wa haraka wa kwenye skrini tuuite ukelele, kwa maana ndivyo ulivyo.

Mwaka 2008, Wakenya wachache waliokuwa wakikusanya mtandaoni taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi waliupa mfumo wao jina la Ushahidi, na jina hilo likaenda nchi nyingi pamoja na kazi yenyewe. Hawakuona haya kutumia neno la nyumbani kwa teknolojia mpya. Walimu wa kompyuta katika vyuo vyetu vya pwani wanaweza kufanya vivyo hivyo kuanzia somo la kwanza. Mwanafunzi atakayeambiwa, "Huu ni ukelele, na hii ni batli," hatahitaji kukemewa miaka mitatu baadaye. Atajua tangu mwanzo kwamba kuna mtu asiyekuwapo, atakayefungua seva usiku wa manane kutafuta pesa za mgeni, naye anastahili kukuta kitu cha kusoma.